Njia ya Kigari cha Mtoto

Susu hakupenda kuulizwa tunaenda wapi. Ukimwuliza, alikutazama viatu kwanza, kisha akasema, "Ni hapo tu," na kuanza kutembea. Hapo tu kungeweza kuwa kwenye kona ya duka la mkaa, au ng'ambo ya reli, mahali ambapo ukifika vumbi limekupanda hadi magotini na mtoto amelala begani. Watoto wa ploti yetu, nyumba za kupanga za lango moja, walijua mapema kwamba neno hilo halina kipimo. Sisi watu wazima ndio tuliochelewa kujua.

Susu ni bibi kwa Kikamba. Sote tulimwita hivyo, hata sisi tuliotoka magharibi, hata mwenye nyumba, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa. Jina lake la kitambulisho ninalijua, lakini pale Mowlem, mtaa wetu wa Nairobi, hakuna aliyelitumia. Alikaa nyumba ya chini kabisa, karibu na tangi la maji, na mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa. Zamani alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Baadaye akaenda Uskoti kumlelea binti yake watoto. Halafu akarudi. Kati ya hayo yote, alichopenda kusimulia ni njia.

"Kule kuna njia za watu wenye watoto," alisema. "Zimetengwa. Unaenda na gari mpaka mahali pa kuegesha, porini kabisa, unakuta ubao. Ubao unakwambia njia hii ni ndefu kiasi gani, ina mlima ama haina, kigari cha mtoto kitapita ama hakitapita, na choo kiko wapi. Choo! Msituni! Halafu unafuata vigingi. Kigingi cha bluu, unafuata bluu. Cha manjano, unafuata manjano. Hupotei hata ukiwa mjinga."

Mama Achieng, aliyeuza mandazi langoni, alimwuliza swali ambalo kila mtu wa ploti alikuwa nalo. "Na mkifika mwisho, kuna nini?"

"Kuna pale mlipoanzia."

"Yaani mnatembea mnarudi palepale?"

"Palepale."

"Susu, hao watu hawana kazi?"

Huku kwetu mtu hutembea kwa sababu hana nauli. Asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, ukisimama barabarani unaona wanaume wakienda viwandani Industrial Area kwa miguu, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, na jioni unawaona wakirudi. Nami nimekuwa mmoja wao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba Jumamosi atoke tena atembee, tena na watoto, tena bila kwenda popote, ni kama kumwambia mpishi wa hoteli siku ya mapumziko aje apike kwa kujifurahisha. Susu hakuona tatizo lolote hapo.

Mke wangu alifariki mwaka ambao mvua za masika zilikuwa haba. Aliugua muda mfupi tu. Tulimzika nyumbani, Bungoma, nikarudi Nairobi na watoto wetu wawili, Nekesa aliyekuwa ameanza shule juzijuzi, na Wafula aliyekuwa bado wa kubebwa akichoka. Nilirudi kiwandani. Jioni nilikaa kwenye kiti, watoto wakala walichoachiwa na jirani, wakalala. Watu wa kanisa walikuja, wakaomba, wakaimba, wakaenda zao. Sikuwa na huzuni kama ile niliyowahi kuiona kwa watu wengine. Sikuwa na kitu. Chai ikiwa moto niliinywa, ikiwa imepoa niliinywa. Kuna shati nililivaa wiki nzima, na si kwamba nililipenda.

Jumamosi moja asubuhi Susu alibisha mlango.

"Vaa viatu," alisema.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Watoto wameshavaa."

Niligeuka nikawaona wamesimama nyuma yangu, viatu miguuni, Wafula akiwa amevaa cha kulia kushoto. Sikujua walivaa saa ngapi. Nikavaa viatu. Sikuvaa kwa sababu nilitaka kwenda. Ilikuwa rahisi kuvaa kuliko kukataa. Tulishuka ngazi, tukapita tangi, tukatoka langoni, na Mama Achieng akatusindikiza kwa macho.

Susu alitembea mbele. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alitembea kama mtu aliyesikia sufuria ikifurika. Mkononi alishika fimbo ambayo marehemu mumewe, mchonga vinyago, alimchongea, lakini sikuwahi kumwona akiiegemea. Aliitumia kuchokora mitaro, kufukuza mbwa, na kuonyesha. Alikuwa akihubiri mwendo wa taratibu. "Mtoto hakimbizwi. Mtoto ndiye anayeongoza mwendo," alisema, naye akiwa ametuacha umbali wa nyumba sita. Kisha alisimama, akageuka, akatungoja huku akilaumu.

Kila njia aliipima kwa kigari cha mtoto. Hakuwa na kigari, wala pale ploti hakuna aliyekuwa nacho. Watoto wetu hubebwa mgongoni kwa leso. Lakini alikuwa nacho kichwani. Alifika mahali slabu, zege la kuvukia mtaro, imevunjika, akasimama. "Hapa kigari hakipiti." Alifika mahali bodaboda zimeegeshwa mpaka ukutani. "Hapa hakipiti." Eastleigh aliifuta yote kwa sentensi moja. "Kule kigari kitagongwa na mkokoteni, na mtoto atauzwa kwa bei ya jumla." Kwa majuma mengi alizunguka Mowlem, Umoja na kandokando ya Dandora akitafuta njia moja ambayo mama mwenye mtoto kigarini angeweza kupita bila kuinua magurudumu. Sisi tulikuwa nyuma yake. Mwanzoni tulikuwa familia yetu tu. Baadaye Mama Achieng alituma wanawe, halafu akaja mwenyewe, akisema anakuja kuwaangalia wanawe.

Siku hizo za mwanzo sikuongea. Niliutazama mgongo wa sweta yake ya kijani na kuufuata. Hakuna aliyenilazimisha kuongea. Hilo nimelifikiria sana baadaye. Wengine wote waliniambia pole, na kila pole ilitaka jibu. Susu hakuwahi kuniambia pole hata mara moja.

Aliniuliza swali moja tu kuhusu mke wangu. Tulikuwa tumekaa juu ya mabomba makubwa ya saruji yaliyoachwa na watu wa barabara, watoto wakila miwa. Akaniuliza bila kunitazama, "Mama watoto alikuwa anatembea haraka ama polepole?"

Nilifungua mdomo kujibu. Nikatafuta. Nilikuwa nimetembea na yule mwanamke miaka mingi, kwenda kanisani, kwenda sokoni, kwenda kliniki na mimba mbili. Sikuona kitu. Ilikuwa kama kutia mkono kwenye gunia ukakuta ni tupu mpaka chini.

"Polepole," Nekesa akasema, muwa mdomoni. "Alikuwa ananingoja."

"Haya," Susu akasema. "Na ulikuwa unamshika mkono gani?"

Nekesa akainua wa kushoto.

Tulipoinuka, niliona amehamia upande wa kushoto wa mtoto, na siku ile alitembea polepole njia nzima, jambo ambalo najua lilimgharimu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alisifu hewa safi, naye alivuta ugoro. Alituambia njiani tusile ovyo, kisha akasimama kwa kila mwuza njugu. Aliwafundisha watoto kumsalimu kila mtu wanayekutana naye, kwa sababu kule Uskoti, alisema, watu wasiosalimiana mjini husalimiana wakikutana njiani msituni. Watoto wakaanza kusalimu Mowlem nzima. "Niaje! Sasa! Shikamoo!" Makondakta, walevi, polisi, mwendawazimu wa stejini. Lakini yeye mwenyewe kulikuwa na jirani wa mlango wa pili ambaye hakuwa amemsalimu tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, na hakumsalimu mpaka alipohama.

Lililonishangaza zaidi ni mvua. Mtu aliyesimulia jinsi wajukuu wake walivyovaa gambuti na makoti ya plastiki wakaruka kwenye madimbwi, jinsi ukungu ulivyoshuka mlimani mpaka hawaoni kigingi cha pili na bado wakaendelea, mtu huyo alikuwa akihisi tone moja tu mkononi anatuswaga sote chini ya kibaraza cha duka kama kuku. Tulisimama pale mpaka mvua ikakatika kabisa. Aliwapapasa watoto vichwa, mmoja mmoja, kuona nani amelowa.

Wafula alipenda hadithi za kondoo. Kule Uskoti, Susu alisema, njia hupita katikati ya malisho, kondoo wamelala njiani kama wenye njia, na kila lango unalofungua lazima ulifunge nyuma yako. Wafula akataka kuona kondoo. Kondoo hatukuwa nao, kwa hiyo Susu akatupeleka soko la mbuzi la Kiamaiko. Ilikuwa mwendo mrefu sana, na sidhani alifikiria vizuri. Watoto walifurahi mwanzoni. Mbuzi walikuwa wengi, weupe, weusi, wa madoa, wakilia, wakikwaruzana, na kijana mmoja akamruhusu Wafula kumshika mmoja pembe. Halafu yule mbuzi akavutwa kuingia ndani ya lango la machinjio, na Wafula akauliza anaenda wapi, na mtu akamwambia.

Alilia njia nzima ya kurudi. Nilimbeba. Nakumbuka machozi yake yakipita kwenye kola ya shati langu, na nakumbuka nikiwaza kwamba yako moto.

"Kwa nini ulimleta hapa?" Mama Achieng alimkaripia Susu.

"Kule pia wanaliwa," Susu akasema. "Wanawapandisha lori sisi hatuoni." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na jioni alimletea Wafula yai la kuchemsha, akaketi naye kwenye ngazi mpaka akalila lote.

Hadithi ya yaya aliisimulia mara nyingi. Alikuwa anatembea kando ya ziwa fulani, njia ya kokoto laini, mjukuu wa kiume kwenye kigari, wa kike, aliyekuwa kama wa miaka minne, akiokota majani. Wakakutana na mama mmoja mzungu, mzee, mwenye fimbo mbili na adabu sana. Akawasifu watoto. Kisha akainama kwa Susu, akauliza kwa upole, "Na wazazi wao wanakutendea vizuri? Wanakupa siku ya kupumzika?"

"Nikamwambia wananipa Jumapili," Susu alisema, "lakini hawa ni wa binti yangu. Yule mama akawa mwekundu kama nyanya. Akafungua mkoba akatupatia biskuti zote, zote! Akaenda mbio."

Hapo tulicheka. Lakini kulikuwa na mwisho ambao aliuongeza siku nyingine na siku nyingine akauacha. Walipofika kwenye daraja la mbao, yule msichana alimwuliza, "Susu, wewe ni yaya?" Naye akamjibu, "Ndiyo. Mimi ni yaya asiyeweza kufutwa kazi."

Siku alizouongeza mwisho huo, hakucheka.

Sasa niseme habari ya rangi, maana hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Umoja. Hatimaye Susu alipata njia yake. Ilitoka langoni kwetu, ikapita nyuma ya shule ya watoto wadogo, ikafuata ukuta wa godauni, ikavuka mtaro mahali pekee penye slabu nzima, ikapita kwenye vibanda vya mafundi wa vitanda, ikashuka hadi kwenye uwanja wa nyasi ulio juu ya mto. Akaona inafaa iwe na alama kama za kule. Akanunua kopo la rangi ya manjano na brashi, na Jumatatu moja, sisi tukiwa kazini, akaipita yote peke yake akipaka mstari kwenye kila mlingoti na kila ukuta penye kona.

Mtu yeyote wa Nairobi angemwambia. Huku ukiamka ukakuta rangi ukutani kwako, unajua tingatinga la kubomoa liko njiani. Saa kumi jioni vikundi vilikuwa vimejaa barabarani. Mafundi wa vitanda walikuwa wameshaanza kutoa mbao zao nje. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya godoro lake kando ya barabara, akilia. Watu walifuata mistari nyumba kwa nyumba, na mistari ikawaleta mlangoni kwa Susu, ambako kopo lilikuwa limeachwa kibarazani na brashi juu yake.

Nilipofika kutoka kazini ploti ilikuwa imejaa. Kijana mmoja mrefu alikuwa ameshika lile kopo juu.

"Susu, nani amekutuma? Sema tu. Ni kanjo, watu wa jiji, ama ni nani?"

"Hakuna aliyenituma."

"Sasa hii rangi ni ya nini? Base yetu umeweka mark, kwa kina Brayo umeweka mark. Tunabomolewa lini?"

"Ni njia," Susu akasema. "Ni ya kutembea."

Kelele zikazidi. Mtu akasema amelipwa. Mtu akasema ni mzee, ameanza kuchanganyikiwa. Jiwe dogo liligonga mlango wake wa bati, sikuona nani aliyelirusha. Nilijipenyeza nikasimama karibu naye. Nilifikiri nitasema kitu. Nilisimama tu. Hofu niliijua ilivyo, lakini niliitazama kama kitu kilichowekwa mezani kwa mtu mwingine.

Susu aliingia ndani. Tukadhani anajifungia. Akatoka amevaa sweta yake ya kijani na viatu vya kutembea.

"Twendeni niwaonyeshe mahali inapoishia," alisema. "Asiyeamini anifuate. Mkikuta tingatinga huko, mnizike."

Akawapita katikati. Wakamfuata. Sijawahi kuona msafara kama ule. Mafundi, akina mama na watoto mgongoni, vijana wa base, yaani wa kijiweni, yule mwanamke wa godoro, wote nyuma ya ajuza mmoja anayeonyesha mistari kwa fimbo: huu hapa, na huu hapa, msikanyage hapo kuna shimo. Nilimshika Nekesa mkono, nikambeba Wafula. Katikati ya njia watu walikuwa wameanza kuzungumza mambo mengine. Mwuza njugu alijiunga na biashara ikamnyookea.

Tulifika kwenye nyasi. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia na hewa ilikuwa imeoshwa. Mashariki, mbali, mlima wa Ol Donyo Sabuk ulionekana wote, wa bluu, umekaa peke yake.

"Ni hii tu?" yule kijana mrefu akauliza.

"Ni hii tu."

"Susu, umetutoa jasho kwa sababu ya mlima?"

"Sikuwatoa mimi. Mmetoka wenyewe."

Akacheka, yule kijana, akashindwa kujizuia, akaketi chini. Wengine walikasirika wakageuka kurudi. Wengi walibaki. Yule mwanamke wa godoro alisimama muda mrefu akitazama mlima, kisha akasema ameishi Mowlem tangu aolewe na hakujua unaonekana. Mwenye godauni alipaka ukuta wake upya kesho yake. Mistari ya kwenye milingoti ilibaki, na Jumamosi zilizofuata tuliwakuta watu huko tusiowajua, na watoto wao, wakitembea mwendo wa watu wasio na haraka.

Kwa nini alirudi kutoka Uskoti, jibu lake la kawaida lilikuwa "karatasi ziliisha." Lile lingine alinipa mara moja tu. Ilikuwa siku ya manyunyu, tumejibanza chini ya kibaraza cha duka la dawa, watoto wakihesabu magari. Alianza kusema bila kuulizwa.

Aliwapeleka wale wajukuu kwenye njia ya msituni, njia yenye kigingi cha manjano, njia rahisi kabisa. Mvua ikawakuta katikati. Hakurudi. Watoto walikuwa wanafurahi. Siku ya tatu yule mvulana akashikwa na kifua, akalazwa hospitali, akawekewa mpira wa hewa. Alipona. Lakini binti yake, pale kwenye korido ya hospitali, alimwambia, "Mama, hutatembea tena na watoto wangu."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Ni wake."

Alikaa mle nyumbani wiki chache zaidi, akipika, akifua. Watoto wakimwomba watoke, anasema miguu inauma. Halafu akapanda ndege. Alinisimulia haya kwa sauti ileile aliyotumia kueleza mahali choo kilipo kwenye ubao. Nilimsikiliza kwa namna hiyohiyo. Tulikuwa watu wawili tumesimama tukingoja mvua iishe.

Nilimwona akipigiwa simu kutoka huko mara chache. Alisema Krismasi njema, akasikiliza, akasema sawa, akakata.

Aliumia mlangoni kwake mwenyewe. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo, akateleza, akavunjika nyonga. Mdogo wake alikuja kumchukua, wakampeleka kwao, upande wa Kangundo. Nyumba ya chini ikapangishwa kwa vijana wawili wa kuuza simu. Watoto wangu waliendelea kutembea Jumamosi, mimi pamoja nao, mpaka Wafula akapata timu ya mpira na Nekesa akaanza kuona haya kutembea na baba. Miaka ilipita. Tulimpigia simu sikukuu. Nilikuwa nikisema tutakuja, nikiamini.

Mwaka huu Nekesa, ambaye sasa ni msichana mrefu kuliko mama yake alivyokuwa, alisema anaenda Kangundo Jumapili, nikitaka nimfuate, nisipotaka nibaki. Nikamfuata.

Tulimkuta Susu kitandani, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama shamba la mahindi. Alikuwa amekonda. Mkono mmoja ulikuwa umelegea kwa sababu ya kiharusi kilichokuja baada ya nyonga. Alitutambua. Alimtazama Nekesa kutoka chini mpaka juu, akasema, "Umekula nini wewe?" Kisha akaniambia nikae, upande wa mkono wake mzima.

Tulikuwa hatujamaliza chai simu ikalia. Mdogo wake akaniambia, "Shika wewe leo, mimi mikono imechoka. Elekeza hapa machoni pake. Usiongee, hapendi tukiongea."

Kwenye kioo hapakuwa na uso. Palikuwa na njia. Kokoto laini, majani ya kahawia pembeni, miti mirefu iliyonyooka, mwanga mdogo. Picha ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mwendo wa mtu. Tulisikia kokoto zikisagika, na pumzi, na upepo. Mdogo wake alinieleza kwa kunong'ona: ni yule mjukuu wa kike. Alipojua bibi hawezi kutembea, alianza mwenyewe kumpigia Jumapili, anaweka simu ikitazama mbele, anatembea. Mama yake mwanzoni hakujua. Sasa anajua, na siku nyingine yeye ndiye anayetembea.

Susu alitazama. Macho yake yalikuwa yakienda mbele kidogo kuliko picha, kama mtu anayeijua kona. Akasema mara moja tu, "Polepole, kuna mizizi," na sauti ya kule ikajibu, "Nimeiona, Susu," kwa Kiswahili kilichokwaruza.

Baada ya muda nikaona amelala. Sikujua nifanye nini na simu. Picha ikasimama mbele ya kijito.

"Susu?" yule msichana akauliza. Kisha, kwa Kiingereza, "Kuna mtu hapo?"

"Amelala," nikasema.

"Wewe ni nani?"

Ningemwambia mimi ni jirani. Lilikuwa neno rahisi na la kweli. Lakini nilisema, "Mke wangu alikufa. Anaitwa Nasimiyu. Watoto walikuwa wadogo. Bibi yako akaja akatutoa nyumbani, akatutembeza."

Sauti yangu ilipasuka katikati ya jina. Nekesa aligeuka kutoka dirishani akanitazama. Sikuwa nimelitamka lile jina mbele yake tangu mazishini. Uso wangu ulikuwa umelowa, na kitu kifuani kiliuma, kiliuma kweli, mahali hasa pa kuonyesha kwa kidole.

Maji ya kijito yalikuwa yakipita.

"Bado sijafika mwisho," yule msichana akasema. "Nikate, ama niendelee?"

Nekesa alikuja akaketi kando yangu kwenye ukingo wa kitanda, akaishika simu kwa upande wa pili ili itulie.

"Endelea," nikamwambia. "Tuko."